Kuicheua Huzuni

Kijana akirudi likizo kutoka chuo kikuu, akajifungia chumbani na chakula akakigusa tu, mzazi huuliza: "Kumetokea nini?" Mtaalamu wa saikolojia, Susan Nolen-Hoeksema, alituachia swali la pili: lililotokea, kijana analifanyaje moyoni mwake?

Mwaka 1989 bibi huyu alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Aliwapima wanafunzi kiwango chao cha huzuni na namna wanavyoikabili. Wiki mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko la ardhi lilipiga eneo la San Francisco na kuua watu 63. Aliwapima tena wanafunzi wale baada ya siku 10, kisha baada ya wiki 7. Waliokuwa na mazoea ya kuicheua huzuni, kama mbuzi acheuavyo majani, ndio walioelemewa zaidi.

Kipimo chake maarufu kina vifungu 22. Kila kifungu hujibiwa kwa namba, kuanzia 1, yaani karibu kamwe, hadi 4, yaani karibu kila mara. Hakipimi ukubwa wa msiba, bali ni mara ngapi mtu mwenye huzuni huyarudia mawazo yale yale.

Mwaka 2003 yeye na wenzake walitenganisha namna mbili za kurudia huko. Moja ni kujilaumu na kunung'unika: "Kwa nini mimi tu?" Nyingine ni kutafakari: kukaa pembeni na kulichunguza jambo ili kulielewa. Walipowafuatilia watu wazima kwa mwaka mmoja, ile ya kwanza iliandamana na huzuni iliyozidi, na ya pili na huzuni iliyopungua.

Hapa ndipo penye faida kwetu wazazi. Ukimya wa mtoto hauna maana moja. Msikilize: je, anajihukumu, au anatafuta njia? Kumwambia "sahau" hakumsaidii. Mtume sokoni, au mwite mkune nazi pamoja. Majaribio ya mtaalamu huyo yalionesha kwamba hata dakika 8 za kuishughulisha akili na jambo jingine humpunguzia mtu majonzi. Moyo ukishatulia, muulize kwa upole: "Mwanangu, kesho tuanze na lipi?" Na akiwa wiki zinapita hali wala halali, usimwonee haya daktari.