MWALIMU WA NASAHA NI SOMO WA SKULINI

"Mwalimu, kwani mwanangu ana wazimu?"

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mama mmoja aliyenijia skulini asubuhi na mapema, hata salamu zangu hajamaliza kuziitikia. Nilimkaribisha kiti, akakataa kuketi. Alikuwa amesikia kwa jirani kwamba binti yake, aliyekuwa Fomu Thrii, ameonekana mara mbili akiingia katika kile chumba kidogo kilichoko nyuma ya maktaba, ambacho juu ya mlango wake paliandikwa: Ushauri na Nasaha. Kwa mama yule chumba kile kilikuwa cha watu wa namna mbili tu, wenye maradhi ya akili na watoto walioharibika. "Kwetu hakuna ugonjwa huo," akasema, "na kama kuna aibu, mimi mamake ndiye wa kuambiwa kwanza."

Nimesomesha miaka mingi katika skuli za sekondari za Pwani, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilitwikwa kazi ya idara hiyo ya nasaha. Sasa nimestaafu, lakini maneno ya mama yule ningali nikiyasikia vibarazani na maarusini, yakisemwa na wazazi wengine kwa namna nyingine. Kwa hivyo nimeona si vibaya nikiwaeleza ndugu zangu wasomaji kazi ifanywayo ndani ya chumba kile, kwani yanenwayo ni mengi, na mengi katika hayo siyo.

Majina yenyewe ni yetu

Kwanza tutazame jina. Wako wadhanio kwamba jambo hili ni la Kizungu, limeletwa ili watoto wetu wafundishwe kuwajibu wazazi wao. Lakini neno ushauri lina asili moja na shura, nayo ni jina la sura nzima katika Qur'ani. Nasaha nayo ni neno tulilolijua chuoni kabla hatujajua skuli, na maana yake ni kumtakia mwenzio heri kwa moyo safi. Katika Surat Luqman tunamwona mzazi akimnasihi mwanawe kwa upole, akimwita "ewe mwanangu" kila mara.

Tena tunacho kisa cha yule kijana aliyemjia Mtume (s.a.w.) mbele za watu akamwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo walimkemea. Mtume alimwambia asogee karibu, akamketisha, akamuuliza kama angeridhika jambo hilo litendwe mamake. Kijana akasema la. Akamuuliza kuhusu binti yake, dadake, shangazi yake na ndugu wa mamake, na kila mara jibu likawa la. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Mimi katika kazi yangu sikupata kuona mfano bora kuliko huo. Kijana alisogezwa karibu, akaulizwa mpaka jibu likatoka kinywani mwake mwenyewe, na mwisho akaombewa.

Zaidi ya hayo, sisi Waswahili tulikuwa na somo. Mwari alipovunja ungo hakuachiwa mamake peke yake. Alikabidhiwa somo yake, mwanamke mwenye hekima na heshima, akamfunza kujitahirisha, kujisitiri na kukaa na watu. Wavulana nao walikuwa na mjomba na wazee wa mtaani. Wazee wetu walijua kwamba kati ya mzazi na mwana pana haya, na haya ni jambo jema, lakini mara nyingine huziba mlango wa maneno. Ndipo wakamweka mtu wa tatu wa kuufungua mlango huo. Siku hizi masomo wamekuwa haba, familia zimetawanyika, mjomba yuko Jeddah au Nairobi, na mtoto hushinda skulini tangu alfajiri hadi jioni. Je, ni nani atakayeshika nafasi ya somo?

Jinsi idara ilivyoanza

Wizara ya Elimu hapa Kenya ilianza kuushughulikia ushauri katika skuli mwaka 1971. Kamati ya Gachathi ya 1976 na ile ya Kamunge ya 1988 zote mbili zilisisitiza kwamba kila mwanafunzi apate msaada huo. Lakini katika skuli nyingi jambo hili lilibaki kwenye karatasi, kwa sababu fimbo ilikuwa karibu na kauli ilikuwa mbali.

Mwaka 2001 ulitubadilisha. Mwezi wa Machi mwaka huo, katika skuli ya Kyanguli huko Machakos, bweni lilitiwa moto usiku kwa makusudi, na wavulana 67 wakafa. Mwaka huo huo serikali ikaipiga marufuku fimbo skulini, na jopo lililochunguza fujo za wanafunzi likataka ushauri utiliwe nguvu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakazia kwamba mwanafunzi asiadhibiwe kwa kupigwa wala kwa kuteswa moyo. Walimu wengi tulinung'unika. Tulikuwa tumenyang'anywa bakora, na hatukufunzwa vya kutosha namna ya kutumia masikio.

Kazi za kila siku

Msomaji huenda akauliza, basi ndani ya chumba kile hufanywa nini? Mara nyingi hamna la ajabu. Mwalimu mkuu huteua mwalimu wa kuiongoza idara, naye husaidiwa na wenzake wachache, wanaume kwa wanawake, pamoja na walimu wa dini. Aghalabu mwalimu huyo ana vipindi vyake vya kusomesha kama kawaida, hivyo hukutana na wanafunzi wakati wa mapumziko, baada ya Adhuhuri, au jioni. Wako wanafunzi waliofunzwa kuwasikiliza rika zao, kwani mtoto humwambia mwenziwe lile asilothubutu kumwambia mkubwa. Palikuwa pia na sanduku dogo la mbao lenye tundu, ambamo mwenye haya hutia karatasi isiyo na jina.

Wengi waliokuja kwangu walikuwa na mambo ya masomo, kama vile namna ya kupanga saa za kusoma, hofu ya mtihani, au hesabu zilizowashinda. Wengine walitaka kujua wasomee nini na vyuo gani vinawataka kwa alama zipi. Mtaala mpya umeongeza kazi hiyo, kwa kuwa mwanafunzi wa sekondari ya juu sharti achague njia moja katika tatu: sayansi na ufundi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wako Waislamu walioniuliza kuhusu mkopo wa chuo kikuu wenye riba. Hapo nilijua mpaka wangu. Mimi si mufti. Niliwaeleza masharti ya mkopo, nikawaonyesha njia za basari, na suala la sharia nikawapeleka kwa sheikh.

Wachache ndio waliokuja na mizigo mizito: bangi na unga, kupigwa nyumbani, msiba, au moyo uliokata tamaa ya kuishi. Huyo mwalimu hamtibu. Humshika mkono akamfikisha hospitali, au kwa afisa wa watoto, na humfuatia mpaka mwisho.

Aliyelala darasani

Nakumbuka mvulana mmoja aliyekuwa akilala darasani kila siku vipindi viwili vya kwanza. Alionywa, akapewa adhabu ya kufyeka nyasi, akaendelea kulala. Barua mbili zilipelekwa nyumbani kumwita mzazi, na mzazi hakuja. Kamati ya nidhamu ikaona hiyo ni dharau, ikawa tayari kumfukuza. Niliomba siku tatu.

Mvulana hakusema neno siku ya kwanza. Siku ya pili nilimpa chai, nikamuuliza usiku hulala saa ngapi. Akainama. Baba alikuwa amefariki, na yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Kila usiku alitoka na mjomba wake kwenda kuvua kwa taa, akirudi karibu na adhana ya Alfajiri, ili wadogo zake wapate chakula. Na mama? Mama alikuwa katika eda, miezi minne na siku kumi, na hakuona njia ya kutoka kuja kuketi mbele ya kamati ya wanaume. Hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza.

Nilikwenda mimi nyumbani nikakaa naye ukumbini. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa Mwislamu, alipoelezwa eda ni nini alisikitika sana, akaifuta ile hukumu. Tukamjazia kijana fomu za basari ya eneo bunge, na watu wa msikiti wa mtaani wakachangia chakula cha nyumba ile mpaka mama alipoweza kutoka na kujitafutia. Kijana akaenda baharini usiku wa kuamkia Jumamosi tu. Hakuwa wa kwanza katika mtihani wake, lakini alimaliza, akapata chuo cha ufundi.

Kosa langu

Nisidhaniwe kwamba najisifu. Katika miaka yangu ya mwanzo binti mmoja aliniambia kwamba baba amewatoka, na mama anawafulia watu nguo, na kwamba hilo analificha kwa wenziwe. Nami kwa nia njema nililitaja katika chumba cha walimu wakati wa chai, nikitaka tuchange karo yake. Wiki haijapita, mwalimu mmoja alipokasirika darasani akamwambia mbele ya wote ajitahidi, asije akafua nguo za watu kama mamake.

Binti yule hakurudi tena chumbani kwangu. Alikaa skulini mwaka mmoja na nusu zaidi, na katika muda huo wote tukipishana njiani aliangalia chini. Nilimwomba radhi, akasema "si kitu, mwalimu", nami nilijua kuwa ni kitu. Toka siku hiyo daftari zangu nilizitia kabatini na ufunguo nikauvaa shingoni. Siri ya mtoto ni amana, na ajaye kwako na amana hakupi ruhusa ya kuigawa, hata ukiwa unaigawa kwa wema.

Hata hivyo amana ina mpaka. Mwanafunzi akiniambia kwamba anataka kujidhuru, au kwamba kuna mtu mzima anayemtenda uovu, siwezi kunyamaza. Sheria inataka mtoto alindwa, na dini vile vile. Nilikuwa nikiwaambia mpaka huo tangu tunapoketi, kabla hawajaanza kusema, ili asiwepo wa kusema kuwa amehadaiwa.

Mama na binti yake

Sasa nirudi kwa mama yule aliyekataa kuketi. Nilijua bintiye alilokuwa nalo, na ahadi yangu kwa binti ilikuwa shingoni pamoja na ule ufunguo. Nilimwambia, "Dadangu, mwanao hana wazimu wala hana aibu. Ana jambo, na ni lako wewe. Nipe siku chache nimwombe akwambie mwenyewe." Aliondoka amenuna.

Binti alikubali baada ya wiki moja, kwa sharti kwamba niwepo. Tukaketi watatu. Akaeleza huku akilia kwamba usiku mmoja alisikia nyuma ya mlango watu wamekuja kumposa. Alimtambua aliyeleta posa, akasikia tarehe zikitajwa, kisha akakimbia asisikie zaidi. Tangu hapo aliacha kusoma, kwani aliona kusoma hakuna maana tena.

Mama alibaki kimya. Halafu akasema, "Babako aliwajibu usiku ule ule. Aliwaambia hana binti wa kuoza mpaka amalize Fomu Foo, na wasirudi kabla ya hapo."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, mazungumzo hayo huzungumzwa na mtoto? Na wewe, mbona hukuniuliza?"

"Niliona haya, mama."

Miezi miwili nyumba moja, mlango mmoja, mmoja akiogopa jambo ambalo mwingine alikwishalimaliza. Zamani somo angelibeba neno hilo kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kwa jioni moja. Siku ile nilibeba mimi, na mama yule alipoondoka alinipa mkono, akaniuliza kama nina muda wa kumsikiliza pia mwanawe wa kiume.

Ndugu wazazi, mtoto akiitwa katika chumba kile msikimbilie kumkemea wala kumwonea haya. Nendeni skulini, mkamjue mwalimu wa nasaha kwa uso, mwambieni mambo ya nyumbani yanayompasa kuyajua: msiba, eda, safari, maradhi. Na ninyi walimu mlioko kazini, ulizeni kabla ya kuhukumu, na funguo zenu zishikeni. Ajaye kusema nanyi amepita milango mingi iliyofungwa kabla ya kuubisha wenu.

Wabillahi tawfiq.