Adapta ya tangi la samaki ikiungua, usinunue yoyote tu

WAFUGAJI wa samaki wa mapambo hutegemea kifaa kidogo ambacho wengi wao hawakitazami hadi kiharibike. Kifaa hicho ni adapta, ambayo hupokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani na kuupunguza hadi kiwango kinachohitajika na pampu au taa za tangi, aghalabu volti 12 au 24.

Adapta ikifa usiku, pampu husimama na maji hutulia. Ikiwa samaki ni wengi katika tangi dogo, oksijeni yaweza kuwaishia kabla ya mapambazuko. Hatari huzidi katika maeneo ya joto kama Mombasa, kwani maji moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi.

Kwa sababu ya haraka hiyo, wengi hununua adapta yoyote ambayo ncha yake inaingia kwenye tundu la pampu. Hata hivyo, kuingia si kufaa.

Kwanza, ni muhimu kuthibitisha kwamba kilichoharibika ni adapta wala si soketi. Chaja ya simu ikichomekwa kwenye soketi hiyo na kufanya kazi, umeme upo. Fundi naye akipima ncha ya adapta kwa mita na kupata sifuri, adapta imekufa.

Pili, maandishi yaliyo kwenye adapta kuukuu yasomwe kwa makini. Volti za kutoka, zilizoandikwa baada ya neno 'OUTPUT', sharti zilingane na za awali. Pampu ya volti 12 ikipewa volti 24 yaweza kuungua papo hapo.

Ampea, kwa upande mwingine, zaweza kuwa sawa au kuzidi, kwa kuwa pampu huvuta kiasi inachohitaji pekee. Zikipungua, adapta hupata moto na kuharibika upesi.

Aidha, kuna pampu zinazotumia mkondo geu, ambao alama yake ni AC, na nyingine mkondo mnyoofu, wenye alama DC. Aina hizi mbili hazibadilishani. Kwa adapta za DC, mchoro mdogo wa duara huonyesha iwapo katikati ya ncha ni chanya au hasi, na adapta mpya lazima iwe na mpangilio uo huo.

Vifaa vilivyoletwa kutoka Marekani vinahitaji uangalifu zaidi. Adapta iliyoandikwa 'INPUT 120V' pekee itaungua ikichomekwa katika soketi ya Kenya. Inayofaa ni ile iliyoandikwa 100-240V.

Wakati adapta mpya ikitafutwa, maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu mara kwa mara ili yaingize hewa. Samaki wasilishwe chakula, kwani mabaki huoza na kumaliza oksijeni.

Hatimaye, adapta mpya iwekwe mbali na maji, na waya wake uning'inie chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda tena, ili matone yaanguke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Vifaa vyote vichomolewe kabla ya mtu kutia mkono tangini.

Mwenye kuweka adapta ya akiba kabatini hatalazimika kubahatisha dukani huku samaki wake wakitweta.