Mchuzi Mzito wa Nyama na Chanzo cha Uzito Wake

Mchuzi wa nyama ya ng'ombe unaopikwa majumbani Afrika Mashariki, ule unaoliwa kwa wali, chapati au ugali, hutofautiana na supu kwa kuwa supu ni maji yaliyochukua ladha ya nyama na mifupa, ilhali mchuzi ni maji hayo hayo yakiisha kuungwa kwa vitunguu, nyanya, viungo na mafuta mpaka yakawa rojo, yaani kimiminika kizito kinachoshika tonge. Wapishi wengi huutafuta uzito huo katika unga wa ngano au viungo vya pakiti, na hapo mchuzi hupoteza utamu wake, kwa sababu wanga huongeza uzito bila kuongeza ladha. Uzito ulio bora umo ndani ya nyama na ndani ya kitunguu, na unahitaji kutolewa kwa moto mdogo na subira.

Kazi huanzia buchani. Steki, ambayo ni mnofu mtupu usio na mfupa, hupendwa kwa kuwa huiva upesi, lakini haina mengi ya kuupa mchuzi. Nyama ya muundi, ya kifua, ya shingo na ya mkia ina utando mweupe ambao wengi huukata na kuutupa, nao ndio wenye thamani kuliko yote, kwa kuwa umejaa kolajeni, protini ngumu inayoshikanisha misuli ya mnyama, ambayo ikikaa katika maji ya moto kwa saa mbili au zaidi hulainika na kugeuka jelatini. Jelatini ndiyo inayoufanya mchuzi unate kidogo midomoni. Ushahidi wake huonekana asubuhi ya pili, mchuzi uliolala katika friji unapokutwa umeganda chini ya tabaka la mafuta, ukatikisika sufuria inaposukumwa, kisha ukayeyuka mara tu unapopashwa moto.

Mageuzi hayo hayahitaji mchemko mkali. Sufuria iliyofunikwa na kutokota taratibu hulainisha utando sawasawa na ile inayofoka, na mnofu wake haukakamai. Muda nao hutegemea mahali, kwani Mombasa na Dar es Salaam, zilizo usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, lakini Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa huo, huchemka kwa nyuzi 94 au 95 hivi, ndiyo maana nyama ya aina moja hukawia zaidi kuiva huko.

Desturi ya majiko mengi ni kuchemsha nyama kwanza kwa chumvi kidogo, tangawizi na kitunguu saumu, kisha kuiopoa na kuikaanga, huku supu ikihifadhiwa kando. Desturi hiyo ina hekima, ila sharti nyama ichujike vizuri na ikaangwe vipande vichache vichache, kwa kuwa nyama iliyolowa haiwezi kupita joto la maji yanayochemka, na rangi ya kahawia pamoja na harufu yake hutokea katika joto kubwa zaidi. Badiliko hilo, ambamo protini na sukari za chakula huungana na kuzaa ladha mpya, huitwa mmenyuko wa Maillard, kwa jina la mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyelieleza mwaka 1912. Ukoko mwembamba wa kahawia unaobaki chini ya sufuria nao ni ladha tupu, hivyo hauoshwi; humwagiwa upawa mmoja wa supu na kukwanguliwa kwa mwiko.

Kitunguu ndicho kinachoharakishwa kuliko vyote. Kwa kilo moja ya nyama, vitunguu maji vitatu au vinne vikubwa vilivyokatwa vyembamba hukaangwa kwa moto wa wastani kwa dakika 15 hadi 20, mpaka viwe vya kahawia na kupoteza umbo, kwani kitunguu kilichokaangwa nusunusu hubaki kikielea mchuzini kama utepe. Bizari na viungo vingine vya kusaga hufuata humo humo mafutani, kwa sababu sehemu kubwa ya manukato yake huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na havihitaji zaidi ya dakika moja kabla havijaungua. Nyanya zilizosagwa huingia baada ya hapo, zikapikwa mpaka mafuta yajitenge pembeni, dalili kwamba maji yake yamekauka na ukali wake umepungua.

Ndipo nyama na supu hurudishwa, na sufuria huachwa wazi ili mchuzi upungue. Kwa kuwa maji hutoka lakini chumvi haitoki, mchuzi uliokolea chumvi mapema huwa hauliki ukishapungua, basi chumvi ya mwisho hutiwa baada ya kuonja. Wapishi wa pwani wanaopenda mchuzi wa nazi hutia tui jepesi katika hatua hii na tui zito mwishoni kabisa, wakiukoroga bila kuuacha hadi uanze kuchemka, kwa sababu tui likiachwa kwenye moto mkali hukatika, yaani mafuta yake huachana na maji.