Filamu Zimepotea, Karatasi Zimebaki

Mwaka 1935, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza wachache na wasaidizi wao Waafrika walianza kutengeneza filamu za kuwaelimisha wanavijiji: namna ya kujikinga na safura, kilimo bora, hata faida ya kuweka akiba posta. Picha zilipigwa bila sauti. Maelezo, kwa Kiswahili na lugha nyingine, yaliwekwa kwenye santuri iliyochezwa pembeni filamu ikiendelea. Mradi ulipofungwa mwaka 1937, filamu 35 zilikuwa zimekamilika.

Anayetaka kuzitazama leo ataambulia chache tu, zilizohifadhiwa na British Film Institute, Uingereza. Hata hivyo, viongozi wa kazi ile, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walichapisha ripoti London mwaka huohuo wa 1937, The African and the Cinema. Humo mna mambo ambayo filamu yenyewe isingeonyesha: fedha, mitambo, safari za lori hadi Nyasaland, watazamaji walicheka wapi na walinyamaza wapi. Isomwe kwa tahadhari, lakini. Wanayoyasema waandishi kuhusu akili ya mtazamaji Mwafrika mara nyingi yanafichua zaidi dhana zao wenyewe.

Hapo ndipo maktaba inapomfaa mtafiti wa sanaa za maonyesho. Wengi huanzia YouTube, wakikosa filamu wanakata tamaa, ilhali kilichoizunguka filamu bado kimejaa rafuni: matangazo ya sinema kwenye magazeti ya zamani kama Tanganyika Standard, lililoanza 1930, maombi ya leseni, barua za wakaguzi wa filamu. Mafaili ya enzi ya ukoloni yana hila yake: hayatafutwi chini ya sanaa. Filamu ya safura inaweza kuwa imelala kwenye faili la afya, na ugomvi kuhusu filamu iliyopigwa marufuku ukawa kwenye faili la polisi. Mkutubi mzoefu huyajua haya kuliko katalogi ya kompyuta, na kumwuliza mapema kunaokoa siku nzima.

Mwanahistoria Laura Fair alitumia nyaraka na magazeti ya namna hiyo, pamoja na kuwahoji wazee, akaandika Reel Pleasures (2018) kuhusu majumba ya sinema ya Tanzania. Msomaji anamwona mwenye jumba akihangaikia filamu za Kihindi, na vijana wa mjini wakimshangilia mwigizaji Raj Kapoor. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomo ndani ya mkanda wa filamu.

Kwa tamthilia, shida imegeuka: maandishi yapo, onyesho ndilo lililokwisha. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969, inapatikana kwa urahisi, lakini kitabu hakisemi taa zilikaa wapi wala nani aliigiza vipi. Mtafiti atahitaji kijitabu cha onyesho, picha, uhakiki wa gazetini na tasnifu za wanafunzi wa sanaa za maonyesho, ambazo huishia kwenye maktaba za vyuo. Matoleo nayo yalinganishwe. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya 1969. Anayeshika toleo moja tu hataona mkono wa mfasiri ukifanya kazi.

Televisheni ndiyo iliyoumia zaidi. Kanda zilikuwa ghali, zikafutwa ili zirekodiwe upya. Hata BBC ilipoteza hivyo vipindi vingi vya miaka ya 1960. Ratiba za vipindi zilizochapishwa ndizo zinazothibitisha kwamba kitu fulani kilirushwa, siku gani na saa ngapi.

Marekani kuna kisa cha ajabu zaidi. Kabla ya 1912 sheria ya hakimiliki haikuitambua filamu, hivyo watengenezaji waliisajili kama picha za kawaida, wakazichapa fremu zote kwenye mikunjo ya karatasi na kuzipeleka Library of Congress. Filamu nyingi za asili zilioza au kuungua. Kuanzia miaka ya 1950 karatasi zile zilipigwa picha upya, fremu kwa fremu, na filamu zaidi ya 3,000 zikaweza kutazamwa tena.