Kubomoa na Kujenga: Suala la Kariakoo na Mkulima wa Milimani

Katika madarasa ya siasa tunayoyaendesha Rangwi na katika vijiji jirani vya Wilaya ya Lushoto, kila tunapofika kwenye somo la ujenzi wa miji huulizwa swali moja kwa namna mbalimbali: majumba ya Kariakoo yakibomolewa na kujengwa upya, sisi wakulima wa milimani yanatuhusu nini? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kumwambia mkulima kwamba maendeleo ya mji ni maendeleo ya Taifa zima, kwa hiyo anyamaze. Makala hii inakusudia kulieleza jambo hili kwa undani kidogo, ili kada anayesimama mbele ya wananchi awe na la kusema zaidi ya pongezi na makofi.

Tuanze na kabichi. Kabichi, karoti, viazi na nyanya zinazoshuka kwa malori kutoka milimani kupitia Soni na Mombo, sehemu kubwa huishia Dar es Salaam. Bei anayopewa mkulima haiamuliwi shambani kwake. Huamuliwa kule magunia yanakoshushwa. Tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua moto. Soko hilo lilibuniwa na msanifu majengo wa Kitanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Serikali iliamua kulikarabati na kujenga jengo jipya kando yake kwa takriban shilingi bilioni 28, na wafanyabiashara wakatawanywa katika masoko mengine ya jiji. Mfanyabiashara aliyehamishwa hupoteza wateja wake wa kila siku. Hasara hiyo haibebi peke yake: humshushia dalali, na dalali humshushia mkulima, ambaye hana wa kumshushia isipokuwa watoto wake.

Kiungo cha pili ni vijana wetu. Mashamba ya milimani yamegawanywa urithi baada ya urithi hata mengine hayatoshi kulisha nyumba moja, na kijana anayeshuka Mombo kupanda basi la Dar es Salaam mara nyingi huishia kupanga bidhaa zake kando ya barabara. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa katika barabara nyingi za jiji ili zipitike. Walikuwa wakiitwa wachafuzi wa mji na watu ambao siku hiyo hiyo walikuwa wamenunua kwao soksi na nyanya. Ilala tangu mwaka 2010 kuna jengo kubwa lililojengwa kwa ajili yao, lakini kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu kwa sababu wateja hawapiti huko. Waliolipanga walihesabu vizimba, hawakuhesabu miguu ya wanunuzi.

Kwa hiyo Kariakoo si habari ya mbali. Lakini ili kuelewa kwa nini inabomolewa na kujengwa mfululizo, inatupasa tuangalie mali iliyolala chini ya majumba yale.

Thamani ya kiwanja inatoka wapi?

Eneo la Kariakoo lilipimwa na wakoloni likiwa mtaa wa Waafrika, mbali na Wazungu wa ufukweni. Jina lake lilitokana na jeshi la wapagazi wa Waingereza lililopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mitaa yake ilinyooshwa, viwanja vikakatwa vidogo vidogo, na juu yake zikajengwa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba sita kushoto na kulia, uani nyuma. Chumba kimoja mara nyingi kilikuwa kaya moja. Basi nyumba moja ya chini, ambayo mpita njia huiona ya kizamani na ya kuondolewa, iliweza kuwa makazi ya kaya sita.

Sasa kiwanja hicho kina thamani kubwa sana. Nani aliyeifanya thamani hiyo? Mwenye nyumba hakuifanya, maana hakuongeza hata tofali moja. Tajiri anayekuja na saruji hakuifanya pia, maana ameikuta. Imefanywa na bandari iliyo karibu, barabara zilizojengwa kwa kodi za watu wote, soko lililojengwa na Taifa, na maelfu ya wananchi wanaoshuka pale kila asubuhi kuuza na kununua, pamoja na mkulima wa kabichi ambaye hajawahi kukanyaga mtaa ule. Thamani ya ardhi ya mjini ni kazi ya jamii nzima iliyojikusanya mahali pamoja. Huu ndio msingi wa hoja yetu yote, na kada asiyeushika atapotea katika mambo ya rangi za vioo na idadi ya ghorofa.

Taifa letu lililiona jambo hili mapema. Mwaka 1963 hati za kumiliki ardhi milele zilibadilishwa kuwa za kukodi kwa Serikali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya waziwazi kwamba mikopo inayotumika kuipamba miji huja kulipwa kwa jasho la wakulima. Mwaka 1971 majumba ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake mwaka 1990 ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Hata hivyo, ardhi kuwa ya umma katika sheria ni jambo moja, na thamani yake kumfikia mwananchi ni jambo jingine.

Mapatano ya Kariakoo, kwa kawaida, huendeshwa hivi. Mwenye nyumba ana kiwanja lakini hana fedha. Mjenzi ana fedha au mkopo. Wanapatana: nyumba inavunjwa, ghorofa linajengwa, na sakafu au miaka ya kodi inagawanywa kati yao wawili. Wote wawili wanapata. Wapangaji wa vile vyumba sita hawamo katika mapatano hayo. Huambiwa muda wa kuondoka, wakaenda Mbagala, Gongo la Mboto au Chanika, ambako kodi ni nafuu. Tofauti ya kodi huilipa kwa nauli na kwa saa za alfajiri anazosimama kituoni. Gharama hiyo haiandikwi katika hesabu ya mradi wowote, lakini inalipwa kila siku.

Tamaa iliyochimba msingi

Kiwanja kinapokuwa dhahabu, kila futi yake hutafutiwa faida, na hapo ndipo matatizo ya ukuaji yanapogeuka kuwa misiba. Mabomba ya maji safi na maji machafu ya Kariakoo yaliwekwa kwa ajili ya nyumba za chini. Leo yanabebeshwa uzito wa ghorofa nane, kumi na zaidi, kisha watu wanashangaa maji machafu yanapofurika mtaani. Majengo yamebanana hata gari la zimamoto linatafuta njia.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne la biashara liliporomoka Kariakoo, watu wakiwa ndani dukani, na waliokufa hawakupungua 29. Mashuhuda walisema mafundi walikuwa wakichimba chini ya jengo hilo ili kupata nafasi zaidi ya maduka. Serikali iliunda kamati na kuamuru majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Ukaguzi ni wajibu, lakini tusiseme kwamba kilichokosekana ni mkaguzi tu. Mkaguzi mmoja anasimama mbele ya faida ambayo mchimbaji ataipata kwa mwezi kuliko mshahara wake wa miaka. Asipokuwa na nguvu ya wananchi nyuma yake, wapangaji na wenye maduka wanaoruhusiwa kusema "hapa panachimbwa" wakasikilizwa siku ileile, atashindwa.

Tumekwisha kujaribu nini?

Wapo wanaodhani ujenzi mpya wa miji ni jambo la leo. Sivyo. Katika miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilivunja vibanda vya udongo Magomeni na kwingineko na kujenga nyumba bora palepale. Nia ilikuwa safi kabisa. Lakini nyumba nyingi mpya zilichukua tu mahali pa zile zilizovunjwa, na fedha zikaisha kabla ya watu kwisha. Kuanzia mwaka 1974 Taifa likageuza njia: viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma vilitolewa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese, badala ya kuvunjwa, ikapelekewa barabara, maji na taa. Wengi huicheka Manzese. Sisi tunaona kwamba uamuzi wa kutoivunja ulikuwa miongoni mwa maamuzi ya busara kubwa katika historia ya jiji lile, ingawa nyumba ziliachwa zikajisonga.

Zanzibar baada ya Mapinduzi ilichukua njia nyingine. Ng'ambo, mtaa wa wanyonge, ilivunjwa kwa sehemu na majumba marefu ya Michenzani yakainuka katika miaka ya 1970, kufuatia mipango iliyochorwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Waliovunjiwa walipewa makazi pale. Hilo ni tendo kubwa ambalo ubepari haulijui. Lakini mpango wenyewe ulitimia kwa sehemu ndogo tu, na familia zilizozoea kupika uani na kukaa barazani zilijikuta zikipandisha ndoo za maji ngazini.

Mfano wa karibu zaidi ni Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa huko miaka ya mwanzo ya 2010 ili eneo lijengwe upya, kisha kiwanja kikalala kitupu. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza pajengwe nyumba kwa ajili ya waliohamishwa, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizifungua, nyumba 656, wakazi wakipewa nafasi ya kuzinunua kidogo kidogo wakiwa wapangaji. Miaka kumi ni muda mrefu. Kuna mtoto aliyetoka pale akiwa darasa la kwanza akarudi kijana. Pamoja na hayo walirudi, na hilo ndilo linaloitofautisha Magomeni Kota na mitaa mingi ambayo majengo yake mapya tunayasifu.

Hapa tunawakumbusha ndugu zetu wa Usambaa jambo wasilohitaji kufundishwa na mtu. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika Bonde la Mlalo, baadaye ukaenezwa. Watu walilazimishwa kupiga matuta kwenye miteremko mikali, na mzigo mkubwa wa kazi ukawaangukia kina mama. Wazee wetu walikataa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukavunjika. Je, udongo haukuwa ukimomonyoka? Ulikuwa ukimomonyoka kweli. Leo wakulima wengi wa milima hiyohiyo wanatengeneza makinga maji na kupanda majani ya guatemala ukingoni bila kusukumwa na askari. Kilichokataliwa hakikuwa tuta. Kilichokataliwa ni mtu mmoja kuamua na mwingine kulima. Mtaalamu wa mipango miji anayeshangaa kwa nini wakazi wanapinga mchoro wake mzuri, aje Mlalo aulize.

Kazi ya kada

Mradi wa kujenga upya unapoletwa katika mtaa, kada aulize kwanza waliopo ni nani. Si wenye hati tu. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 inataka anayenyang'anywa ardhi kwa manufaa ya umma alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati; lakini fidia hiyo humtafuta mwenye ardhi. Mpangaji wa chumba yuko nje ya mlango wake. Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ya mwaka 1984 nayo ilifutwa mwaka 2005, hivyo alichobaki nacho mkononi ni mkataba wake na mwenye nyumba, ambao mara nyingi ni wa mdomo tu, pamoja na muda wa kuondoka atakaopewa.

Ndiyo maana tunasisitiza orodha. Wakazi wa Magomeni Kota hawakuwa na hati ya kiwanja. Walikuwa na idadi yao, 644, waliyoishika pamoja kwa miaka yote ya kutawanyika, na kamati yao iliyokuwa ikiibeba kila mlango walioubisha. Mtaa ukihesabiwa chumba kwa chumba kabla tingatinga halijafika, mpangaji kando ya mwenye nyumba, mama wa vitumbua kando ya mwenye duka, kuna cha kuwekwa mezani siku ya mapatano. Kazi hiyo haihitaji mhandisi. Balozi wa nyumba kumi wa zamani angeimaliza kwa jioni mbili akiwa na daftari la shule. Na kwa kuwa Soni na Lushoto mjini nazo zimeanza kuinua ghorofa za maduka mahali palipokuwa na nyumba za bati, somo letu linalofuata Rangwi litakuwa la namna ya kuandika daftari hilo.