Biashara ya hifadhidata za kemia: Kakamega inauza mzizi, inanunua maarifa

Mizizi ya mukombero huuzwa kwa mafungu mitaani Kakamega, na kutoka hapo husafirishwa hadi Kisumu, Eldoret na Nairobi. Wanunuzi huitafuna kwa ajili ya nguvu, hamu ya kula na ladha yake tamu inayobaki mdomoni. Kemia inaijua asili ya ladha hiyo. Watafiti Mukonyi na Ndiege walieleza mwaka 2001, katika jarida la Chama cha Kemia cha Ethiopia, kwamba inatokana na kampaundi iitwayo 2-haidroksi-4-methoksibenzaldehaidi. Makala yao husomwa na yeyote bila malipo.

Lakini mwenye kiwanda anayetaka kutengeneza chai au kinywaji chenye ladha ya mukombero hatoshelezwi na makala moja. Lazima ajue kama kampaundi hiyo imepimwa sumu, kama kuna aliyeichukulia hataza, ni mimea gani mingine inayo, na kama kuna kiwanda kinachoitengeneza kwa bei ya chini kuliko kung'oa mizizi. Majibu ya maswali hayo yamehifadhiwa katika hifadhidata za kemia. Baadhi ni za bure, nyingine hazifunguki bila ada, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani atapata faida kutokana na mimea ya Msitu wa Kakamega.

Kwa nini kutafuta kwa jina hakutoshi

Kampaundi ya mukombero na vanilini, ile inayoipa vanila harufu yake, zina atomi zilezile kwa idadi ileile: kaboni 8, hidrojeni 8 na oksijeni 3. Uzito wa molekuli zao ni mmoja. Zinatofautiana tu mahali ambapo vikundi vya atomi vimeshikana. Juu ya hayo, kampaundi moja huitwa kwa majina mengi katika vitabu tofauti. Ndiyo maana mkemia hachapi jina na kusubiri majibu. Huchora umbo la molekuli, na hifadhidata humtafutia kila andiko lililowahi kuitaja.

Kila kampaundi hupewa pia namba ya utambulisho. Vanilini ni 121-33-5 na ile ya mukombero ni 673-22-3. Namba hizi hutumika kwenye oda za kemikali na karatasi za usalama duniani kote. Hutolewa na CAS, kitengo cha Chama cha Kemia cha Marekani kilichoanza mwaka 1907 na chenye makao yake Columbus, jimbo la Ohio. Rejista yake sasa ina zaidi ya kampaundi milioni 200, na wateja huifikia kupitia huduma ya SciFinder.

Mshindani wake mkubwa ni Reaxys ya kampuni ya Elsevier. Huduma hiyo imerithi kamusi kubwa ya kemia ya Beilstein, iliyoanza kuchapishwa Ujerumani mwaka 1881. Bei za huduma hizi hazibandikwi dukani. Kila chuo au kampuni hujadiliana na muuzaji kivyake. Faida ya soko hili ni nono. Mwaka 2023, kitengo cha sayansi na tiba cha RELX, kampuni mama ya Elsevier, kiliingiza zaidi ya pauni bilioni 3, na faida yake ya uendeshaji ilikuwa karibu asilimia 38.

Haki itendeke kwa wauzaji hawa. Kusoma mamilioni ya makala na hataza, kuzipanga na kuzisahihisha ni kazi ya watu wengi, na watu hao hulipwa. Lakini malighafi yenyewe, yaani makala za utafiti, huandikwa na wanasayansi wasiolipwa na wachapishaji, na sehemu kubwa ya utafiti huo hugharimiwa na walipa kodi. Chuo huzalisha maarifa, kisha hurudi sokoni kuyanunua.

Milango iliyo wazi

Mwaka 2004 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilifungua PubChem, hifadhidata ya bure ambayo leo ina zaidi ya kampaundi milioni 100. Mwaka uliofuata, Chama cha Kemia cha Marekani kililalamika kwamba serikali inaingilia biashara yake. PubChem haikufungwa. Mwaka 2009 Ulaya ilipata ChEMBL, inayoonyesha kampaundi gani imejaribiwa dhidi ya ugonjwa gani na kwa matokeo gani. Kwa wanaochunguza mimea kuna COCONUT ya Ujerumani, na LOTUS, inayounganisha kila molekuli na kiumbe ilikotolewa. CAS nayo imefungua sehemu ndogo ya rejista yake, kama kampaundi nusu milioni, bila malipo.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, akiwa na intaneti nzuri anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi yake bila kulipa senti. Mtandao wa vyuo wa KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, umepunguza sana shida ya intaneti vyuoni. Muungano wa maktaba wa KLISC, ulioanza mwaka 2003, hujadili bei za majarida kwa niaba ya wanachama wake ili kila chuo kisiende sokoni peke yake. Mpango wa Research4Life, ambao sehemu yake ya kwanza, Hinari, ilizinduliwa mwaka 2002, hufungulia taasisi za nchi zenye pato dogo maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Shirika la Miliki Ubunifu la Umoja wa Mataifa, WIPO, lina mpango kama huo kwa hifadhidata za hataza.

Pengo limebaki kwenye kazi nzito: njia za kutengeneza kampaundi hatua kwa hatua, maandishi ya kale ya kemia, na upekuzi kamili wa hataza kabla mtu hajawekeza fedha zake. Hapo SciFinder na Reaxys bado ziko mbele, na hapo ndipo mjasiriamali wa Kakamega hukwama.

Ghala lisilojazwa

Kuna upande mwingine wa biashara hii ambao haupewi uzito unaostahili. Hifadhidata hutoa kile tu kilichowekwa ndani yake.

Mwaka 2020, kundi la watafiti akiwemo Fidele Ntie-Kang wa Chuo Kikuu cha Buea, Kamerun, lilitoa hifadhidata ya kampaundi asilia za Afrika Mashariki. Walipitia maandiko ya kuanzia mwaka 1962 hadi 2019 na kupata molekuli 1870 kutoka kwa viumbe vipatavyo 300. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilijenga hifadhidata ya mimea ya Kenya iitwayo Mitishamba. Hizi ni juhudi za kupongezwa. Lakini molekuli 1870 kwa eneo zima, katika karibu miaka sitini ya utafiti, ni chache mno. Msitu wa Kakamega peke yake ndio mabaki ya mwisho nchini Kenya ya msitu wa mvua wa ukanda wa Guinea na Kongo. Tasnifu inayoishia kwenye rafu ya maktaba haihesabiwi, hata kama ndani yake kuna molekuli mpya.

Maarifa yakikutana na soko, matunda yake huonekana. Pale Isecheno, kando ya msitu, kikundi cha wakulima cha Muliru kilianza mwaka 1997. Wanachama hulima mrihani wenye kafuri, Ocimum kilimandscharicum, hukamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiliwasaidia kwa sayansi na mitambo. Mwaka 2010 kikundi hicho kilishinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mkulima wa Isecheno anauza bidhaa iliyopimwa na yenye jina, na msitu unapata nafuu.

Hofu ya kuibiwa

Wazee na waganga wana sababu ya kusita kusema wanachojua. Vijidudu vilivyochukuliwa Ziwa Bogoria mwaka 1992 vilizaa vimeng'enya vilivyouzwa na kampuni za nje, na Kenya ikabaki kudai haki yake baada ya mali kuondoka. Lakini kuficha hakukuwahi kuzuia wizi. India ilijifunza hivyo baada ya Marekani kutoa hataza ya manjano kama dawa ya vidonda mwaka 1995. Ilifutwa mwaka 1997 kwa sababu India ilikuwa na maandishi ya kuthibitisha kwamba matumizi hayo ni ya kale. Tangu mwaka 2001 India imeyakusanya maarifa yake ya jadi katika hifadhidata ambayo wakaguzi wa hataza huweza kuipekua.

Kenya ina sheria ya kufanya vivyo hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi ya mwaka 2016 inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili na kuhifadhi maarifa ya jamii zao, na matumizi yake yanahitaji ridhaa ya wenyewe. Mkataba wa WIPO uliopitishwa Mei 2024 nao unataka mwombaji wa hataza ataje asili ya mmea aliotumia.

Basi kazi iliyobaki ni ya hapa nyumbani. Vyuo viweke sharti kwamba mwanafunzi wa kemia hahitimu kabla ya kuweka umbo la kampaundi zake, jina la mmea na vipimo vyake kwenye hifadhidata ya wazi, huku mahali hasa unapoota mmea unaong'olewa ovyo, kama mukombero, pakifichwa. Vyuo vya Magharibi mwa Kenya vinunue kwa pamoja leseni moja ya hifadhidata ya kulipia, na wajasiriamali waruhusiwe kuitumia maktabani. Kaunti ya Kakamega ilitengee rejista ya maarifa ya jadi bajeti yake, kama inavyotenga kwa barabara na masoko. Na Serikali Kuu itimize ahadi ya sheria yake ya mwaka 2013 ya kutenga asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti, kiwango ambacho haijawahi kukifikia. Kakamega ina mimea, ina wanakemia na ina soko. Isipoyaandika inayoyajua, itaendelea kuyalipia kwa bei ya wengine.