Mgeni Njoo Mwenyeji Apone: Ushiriki wa Mwanagenzi katika Jumuiya Huria ya Lugha ya Python

1.0 Utangulizi

Lugha ya programu ya Python ilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Guido van Rossum, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CWI jijini Amsterdam, Uholanzi. Kwa kuwa msimbo wake ni huria, mtu yeyote anaweza kuusoma, kuunakili, kuurekebisha na kupendekeza badiliko. Hata hivyo, uhuru wa kupendekeza badiliko si uhuru wa kuliingiza. Kati ya mambo haya mawili pana pengo ambalo mwanagenzi hana budi kulivuka. Makala hii inaeleza namna pengo hilo linavyovukwa. Hoja yake kuu ni kwamba kinachoadimika katika jumuiya ya aina hii si msimbo, bali ni muda wa wahakiki. Kwa hiyo mwanagenzi hupokelewa kwa kadiri anavyowapunguzia wenyeji mzigo.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Lave na Wenger (1991) wanauelezea ujifunzaji kuwa ni kushiriki katika shughuli za jumuiya hatua kwa hatua, kutoka pembeni kuelekea kiini. Mojawapo ya mifano yao ni mafundi cherehani wa Liberia. Mwanagenzi huko hakuanza kwa kukata kitambaa. Alianza na kazi za kumalizia nguo, kama vile kushona vifungo na pindo, ambako kosa lake halikumtia fundi hasara kubwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi hiyo, ingawa ilikuwa ndogo, ilikuwa kazi halisi: nguo ile ilikwenda kuvaliwa.

3.0 Hatua za Ushiriki

Katika Python, vifungo na pindo vinapatikana katika taarifa za hitilafu. Anayeandika tu kwamba programu yake haifanyi kazi anamwachia mwenyeji kazi yote ya upelelezi. Kinyume chake, anayetaja toleo la Python na mfumo endeshi alioutumia, akaambatisha mistari michache ya msimbo inayozalisha hitilafu ileile, na akabainisha tofauti kati ya tokeo lililotarajiwa na lililopatikana, amekwisha kufanya sehemu ya ukarabati wenyewe.

Hatua nyingine ni kusahihisha nyaraka, na kuyajaribu mapendekezo ya wachangiaji wengine kisha kueleza kilichotokea. Kazi hii ya pili hudharauliwa, ilhali ndiyo inayogusa moja kwa moja uhaba wa wahakiki. Baada ya hapo ndipo msimbo hufuata: badiliko moja dogo, pamoja na jaribio linaloshindwa kabla ya badiliko hilo na kufaulu baada yake. Mchangiaji hutia saini mkataba wa uchangiaji, kisha husubiri ridhaa ya msanidi wa kiini, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuliingiza badiliko.

Imani inayojengeka hivyo ina nafasi katika utawala wa jumuiya. Hadi Julai 2018 van Rossum ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Alijiuzulu baada ya mabishano makali kuhusu pendekezo la kuboresha lugha lijulikanalo kama PEP 572. Tangu mwaka 2019 uongozi umekuwa chini ya Baraza la wajumbe 5 wanaochaguliwa, na wajumbe wanaotoka kwa mwajiri mmoja hawaruhusiwi kuzidi 2. Msanidi mpya wa kiini naye hupigiwa kura na wenzake, na huhitaji angalau theluthi mbili ya kura hizo.

4.0 Lugha kama Mlango na kama Kikwazo

Pendekezo PEP 545 la mwaka 2017 liliweka utaratibu wa kutafsiri nyaraka za Python. Ili tafsiri ya lugha yoyote iorodheshwe rasmi, sehemu tatu hutakiwa kukamilika: ukurasa wa kuripoti hitilafu, mafunzo ya msingi, na ukurasa wa fanksheni za msingi. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kazi hii si ngeni kabisa, kwani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Ugumu wake ni wa istilahi. Mtafsiri mmoja akiandika “kigeu” na mwingine “kibadilika”, mwanafunzi atadhani ni dhana mbili.

Hapa nadharia inahitaji tahadhari. Tafsiri humfungulia msomaji nyaraka, lakini uhakiki wa msimbo na mijadala ya maamuzi huendeshwa kwa Kiingereza. Mwanagenzi anayeweza kutafsiri lakini hawezi kujadiliana anaweza kubaki pembeni daima, hata kazi yake ikiwa bora. Pembeni, basi, si lazima pawe njia ya kuelekea kiini.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii inaueleza ushiriki katika programu huria kwa usahihi: mgeni hapimwi kwa ukubwa wa alichokileta, bali kwa nafuu anayoiacha. Hata hivyo, nafuu hiyo ina upande wa pili. Jumuiya inayopokea kazi ya watafsiri bila kuwatengenezea njia ya kusikika katika maamuzi inapona yenyewe, na kumwacha mgeni barazani.